Gauni la Malolo

Nianze na lililo kweli: yule mama nilimwonea wivu. Si wivu wa kupita, wa kuona mwenzako kanunua kitanda kipya ukanuna siku mbili ukasahau. Wangu niliulala nao nikaamka nao. Nilianza nikiwa mwanafunzi wake, nikawa msaidizi wake, halafu nikawa jirani yake wa ng'ambo ya barabara na cherehani yangu mwenyewe, na katika hatua zote tatu wivu ulinenepa tu. Nachingwea nzima ilimwita Fundi. Mafundi tulikuwa wengi pale sokoni, wanaume kwa wanawake, lakini ukisema "nampelekea Fundi" hakuna aliyekuuliza yupi. Mimi nilikuwa yule anayeshona mbele ya Fundi.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba mteja alilazimika kuinama ili amsikie. Nilidhani ni upole. Baadaye niligundua ni ujanja, kwa sababu mtu aliyeinama habishani. Pini alizichomeka kwenye ukingo wa kilemba chake, na muhogo mbichi ulikuwa karibu na mkono wake wa kushoto tangu asubuhi. Alitafuna huku akikanyaga, na cherehani ikikwama aliisema kama mke mwenza: "Umeanza. Haya, nuna, mimi nakungoja."

Usidhani alikuwa malaika. Alidanganya kama mafundi wote tunavyodanganya. "Njoo Alhamisi," alimwambia kila mtu, na Alhamisi ilipofika alikuwa hajagusa hata mkasi. Watu walitoka Nambilanje kwa miguu, kitambaa kichwani, wakaambiwa njoo Alhamisi, wakaja, wakaambiwa Alhamisi nyingine, na wala hawakukasirika. Mimi nilipochelewesha sare ya shule siku moja tu, mzazi alinipandishia sauti mpaka wauza ufuta wakasogea kusikiliza. Alikuwa amebeba kitambaa kingine cha kumpelekea Fundi, na kutoka kwangu alivuka barabara moja kwa moja.

Kazi iliyompa jina ni magauni ya kutokea wanawali. Kwetu binti akivunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa, na siku ya kutolewa aliogeshwa, akapakwa mafuta, akavishwa gauni jipya ambalo kijiji kizima kililisubiri. Sasa taabu ya gauni hilo ni kwamba fundi hamwoni anayemshonea. Mwali yuko ndani, haonwi. Anayekuja kwa fundi ni somo yake, yule mama anayemfunda, naye analeta kipimo kwenye uzi uliofungwa mafundo: hapa bega, hapa kifua, hapa kiuno, hapa urefu. Fundi hakujua kusoma wala kuandika, lakini ukutani kwake kulikuwa na misumari, na kwenye kila msumari ulining'inia uzi, naye aliujua kila uzi ni wa nani na wa kijiji gani.

Mimi nilikuwa na darasa la saba langu na futi yangu ya plastiki. Nilimwambia mapema kabisa, katika mwaka wangu wa kwanza, kwamba nyuzi zile ni ushamba.

"Uzi haudanganyi," nilimsikia akijibu. "Ila uzi ni wa siku ulipofungwa."

Sikumwelewa na sikumuuliza. Nilikuwa na haraka ya kujua kukata shingo.

Na shingo nilizijua. Hili nalisema bila aibu. Shingo ya duara, ya moyo, ya mraba yenye ukanda, nilizilaza zikalala, hazikuvuta, hazikukunjamana, hata baada ya kufuliwa mtoni. Za kwake zilikuwa za kawaida tu. Wateja hawakuona tofauti, ila mimi niliona, na nilijua kwamba yeye pia aliona. Nilipomletea gauni alilizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye shingo mara moja, mara mbili. Halafu alisema, "Haya, pasi." Maana yake nikalinyooshe. Miaka sita nilikaa kwenye baraza lake na sifa niliyoipata ni hiyo, haya, pasi.

Alihubiri sana juu ya kujionyesha. Binti akija na picha iliyochanwa kwenye gazeti, akitaka gauni la kubana kama la yule msichana wa pichani, Fundi alimpa somo la nusu saa kuhusu mwanamke na stara. Lakini akipita mpiga picha sokoni, mwanamke huyohuyo alikuwa wa kwanza kufunga kilemba upya. Chumbani kwake alikuwa na bahasha ya picha zake mwenyewe, zote amesimama wima, mkono mmoja kwenye cherehani, haonyeshi meno. Siku ambazo wachimbaji wa Namungo walipata dhahabu na wake zao wakaja na vitenge vya bei, mmoja wao alitaka nguo ibane kila mahali. Fundi aliishona, kwa ndani akaacha kitambaa cha vidole vitatu kila upande. Yule mama alipogundua akalalamika kwamba ameibiwa umbo.

"Sijakuibia," Fundi alimwambia. "Nimekuwekea akiba. Mwili una safari, mama. Ukishika mimba utafumua upande mmoja na mwingine, nguo itakufuata."

Sisi wanafunzi tulimcheka pembeni. Akiba hiyo ilikula kitambaa, ilifanya mishono iwe minene, na ilikuwa kazi ya kuchosha kuilaza. Mimi niliacha kidole kimoja, na nguo zangu zilikaa mwilini kama ngozi.

Katikati ya miaka ya tisini alishikwa na malaria mbaya, akalala karibu mwezi. Ulikuwa msimu wa kutoa wanawali, korosho zinakaribia, kila mtu ana shughuli, na kulikuwa na uzi mmoja wa Malolo ambao tarehe yake ilikuwa imefika. Nikalikata gauni mimi. Kitambaa kilikuwa cha buluu yenye maua meupe. Nilifuata uzi ule fundo kwa fundo, sikuongeza hata kidogo, na shingo nikaifanya ya petali tano ambayo nilikuwa nimeiota kwa miezi. Somo wa mwali alipokuja kulichukua alishika mdomo. Niliambiwa siku ya kutolewa wanawake wa Malolo walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, na wote walisema, "Fundi safari hii kajipita." Nilisubiri Fundi apone nimweleze. Alipopona alishapongezwa na watu kumi, naye alikuwa amejibu asante kwa wote kumi. Mwaka uliofuata nilihama baraza, nikavuka barabara.

Basi tukaishi hivyo, yeye kule, mimi huku, tunaamkiana kila asubuhi. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Salama, nilijibu, na macho yangu yalikuwa kwenye benchi lake kuona nani amekaa.

Miaka ya elfu mbili ikaja na mitumba yake. Watu wakaacha kushonesha, tukabaki tunapunguza suruali za Wazungu. Nikasema moyoni, afadhali, sasa sote tutakuwa sawa. Wapi. Ndipo likaja jambo la makumbusho.

Redioni tulikuwa tumeanza kusikia kwamba Dar es Salaam watu wanapanga foleni kwenye nyumba ya makumbusho kutazama nguo. Zamani waliokwenda kule walikuwa wanafunzi wa shule wakiongozwa kutazama mafuvu na vyungu. Sasa ilikuwa maonyesho ya mavazi, kanga za bibi zetu, magauni ya enzi za uhuru, suti za dansi, na wasichana waliochana nywele wanakwenda kupigia picha humo. Onyesho moja likiisha watu wanauliza la pili lini. Fundi alipoelezwa alicheka mpaka akatema muhogo.

"Nguo hakuna mtu ndani?" aliuliza. "Si sawa na kutazama kamba ya kuanikia? Waje kwangu basi, kesho nafua."

Na kweli wakaja kwake. Alikuja dada mmoja wa makumbusho, mpole, ana daftari na mpiga picha. Walikuwa wanaandaa onyesho la mavazi ya sherehe za mabinti kutoka kila kona ya nchi, na kila waliyemuuliza huku kusini aliwatajia Fundi. Nilikaa kwenye cherehani yangu nikimwangalia akifunga kilemba upya. Walimpiga picha na ukuta wake wa nyuzi. Walimrekodi akieleza mafundo. Uzi ule ambao mimi niliuita ushamba, yule dada aliushika kwa mikono miwili. Nilishona suruali ya mtu miguu tofauti siku hiyo.

Tatizo likawa gauni lenyewe. Fundi hakuwa na hata moja. Alishona ya watu, watu wakachukua. Miguu ilikuwa inamuuma na macho yalishaanza kuingia ukungu, kwa hiyo alivuka barabara, akaja mpaka kwangu, akasema, "Mwanangu, wapeleke wewe. Nyumba unazijua."

Nilikubali. Nataka uelewe kwa nini nilikubali. Nilitaka nione mwenyewe wakikosa.

Na walikosa, nami nilifurahi. Kwenye gari lao tulizunguka Ruangwa siku mbili. Nambilanje, nyumba ya kwanza, gauni la Fundi lilikuwa limekuwa mto wa mtoto. Nyumba ya pili mama alikuwa amelivaa, analimia, limefumuliwa pande zote mbili, na pale palipofumuliwa paliachia ukanda wa rangi mpya ulioshuka kutoka kwapani mpaka chini, huku kwingine kote limepauka. Yule dada akapiga picha lakini akatikisa kichwa, bosi wake alitaka nguo nzima. Nyumba ya tatu lilikuwa tambara la kuchujia tui. Kila nyumba niliingia na sura ya pole na moyo unacheza.

Malolo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mama wa nyumba, mnene, mcheshi, alituambia tukae, akaingia ndani akavuta sanduku la bati, akatoka na gauni la buluu lenye maua meupe. Halina doa. Mikunjo yake ni ya sanduku tu.

"La Fundi hili," alisema. "Nilivaa siku ile ya kutoka tu. Nikaliweka."

Nililijua kabla hajalikunjua. Zile petali tano zilikuwa zimelala kama nilivyozilaza mimi. Yule dada alivuta pumzi. Alisema hajaona shingo kama ile mkoa mzima, akamwambia mpiga picha aisogelee. Mimi nilisimama pale mlangoni. Nikisema ni langu, niliwaza, wataliacha, maana wamekuja kumtafuta Fundi na daftari lao lote limeandikwa Fundi. Nikinyamaza, kazi yangu itakaa Dar es Salaam ndani ya kioo na watu watapanga foleni. Nikanyamaza. Nilijiona mwerevu mpaka gari lilipovuka mto, ndipo nikafahamu kwamba nimechukua kitu bora nilichowahi kufanya nikamkabidhi yeye kwa mkono wangu.

Onyesho lilipofunguliwa walimwalika, na kwa sababu ya macho walimruhusu aje na mtu. Akanichagua mimi. Binti yake wa kumzaa, mwalimu wa shule ya msingi kule Ruangwa, alikuwa kazini, hawezi kusafiri. Njia nzima Fundi alilala begani kwangu.

Humo ndani ya makumbusho palikuwa na watu kuliko soko la Jumamosi. Mabinti, wamama wa mjini, hata wanaume na wake zao. Gauni langu lilikuwa katikati ya chumba, limevishwa sanamu lisilo na kichwa, taa imelimulika kutoka juu, na waliolizunguka walikuwa safu mbili. Nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Hebu tazama hiyo shingo." Chini palikuwa na kibao.

"Nisomee," Fundi aliniambia.

Nikamsomea. Gauni la mwali, Ruangwa. Nikasoma na jina lake, la kwake na la baba yake, kwa sauti, mbele za watu. Wakapiga makofi. Ukitaka kujua wivu ni kitu gani, soma jina la mwingine kwenye kazi yako na utamke kila herufi vizuri.

Yule dada akaleta ufunguo, akafungua kioo. Alisema si desturi, lakini mwenye kazi ni mwenye kazi. Akampa glavu nyeupe za pamba. Fundi akazirudisha. "Nikivaa soksi mkononi nitaona nini?" aliuliza, watu wakacheka, wakamletea maji akanawa. Akanyoosha mkono. Kidole gumba kikapita kwenye shingo mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaingiza mkono kwa ndani, ubavuni, kwenye mshono, akautuliza pale. Mimi nilisimama nyuma yake, sijui niombe agundue au asigundue.

"Nashukuru," alisema mwishowe. "Mmelitunza."

Akageukia kamera, akanyoosha mabega, hakuonyesha meno. Njiani kurudi aliniuliza habari za mvua na bei ya mbaazi. Gauni hakulitaja, nami kwa hasira sikulitaja. Nikaamua moja kati ya mawili: ama hakutambua, ama ni mwizi. Kwa miaka miwili nilibadilisha kulingana na siku niliyoamka nayo.

Macho yalipofika mwisho binti yake alimchukua, akahamia Ruangwa. Baraza lake likabaki tupu, na wateja wachache waliobaki wakaanza kukaa kwangu. Unadhani nilifurahi? Walikaa wakinisimulia Fundi alivyokuwa akifanya. Siku moja nikapanda gari asubuhi nikaenda kumwona, nimembebea doti ya kanga, na rohoni nimebeba lile swali.

Nilimkuta amekaa mkekani uani, anachambua mbaazi kwa vidole. Binti yake alikuwa mezani hapo karibu anasahihisha madaftari. Nilimwamkia, akanijua kwa sauti, akapapasa kanga, akasema upindo wake ni wa mashine mbovu. Tukanywa chai. Halafu akanitangulia.

"Lile gauni la Dar es Salaam ni lako."

Nilisema ndiyo.

"Nilijua nilipogusa. Shingo ile mimi siiwezi. Tangu ulipokuwa barazani kwangu siiwezi. Nilikuwa nikishika shingo zako nalala sijala."

Miaka yote ile nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, na sasa yalipokuja nilitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja. Nikamuuliza mbona alinyamaza, kule Dar es Salaam na hapo zamani Malolo.

"Nilipenda," alisema. "Watu wananipigia makofi, wananipiga picha. Niliona wivu, mwanangu, na wivu ukipewa kiti unakaa." Akaendelea kuchambua. "Lakini nikuulize na mimi. Wewe hukujiuliza kwa nini lilikuwa jipya vile?"

Nikasema mwenyewe alilitunza, alilipenda.

"Nilitia mkono ubavuni. Akiba kidole kimoja. Mwali amekaa ndani analishwa, somo kafunga uzi siku ya kuingia, wewe ukakata kwa uzi. Siku ya kutoka lilimbana, ndiyo maana wakapiga vigelegele. Baada ya hapo lingemwingia wapi? Mtoto wa watu kavaa gauni lake siku moja katika maisha yake. Halikumtosha tena, na kufumua hakuna cha kufumua. Akalifungia."

Nikakumbuka yule mama mnene wa Malolo alivyosema, nilivaa siku ile ya kutoka tu. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu nikalihesabu ni sifa. Nikakumbuka na yule wa Nambilanje, jembe mkononi, gauni lake la usichana bado liko mwilini na watoto wanne nyuma yake. Uso uliniwaka. Fundi hakuuona uso wangu, lakini alikoma kuchambua.

"Sasa sema," aliniambia. "Binti yangu yupo hapa na kalamu anayo. Awaandikie wale wa makumbusho wabadilishe kibao, waweke jina lako. Si ndilo lililokuleta?"

Ndilo lililonileta. Niliitazama chai yangu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwema kabisa, kwamba haina haja, yeye ndiye aliyenifundisha, jina lake limeshazoeleka pale, acha tu libaki.

Fundi akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na binti yake akainua kichwa kwenye madaftari.

"Unamsikia?" alimwambia. "Alipodhani ni zuri alitaka liwe lake. Sasa amejua halikumtosha mtu, ananipa mimi." Akafuta machozi kwa ile kanga niliyomletea. "Andika, mwalimu. Andika leo."

Binti yake akasukuma madaftari pembeni, akafungua karatasi safi. Akaniuliza jina langu kamili, na la baba yangu, lisije likakosewa kule. Nikamtajia.